Kutambua fonti na kuchora yako: kifaa kipi kwa kazi ipi

Andika maneno haya kwa fonti ya Helvetica, kisha uyaandike tena chini yake kwa Arial: Ratiba ya Gari 1. Mistari miwili itaanzia pamoja na kuishia pamoja, kwa sababu Arial, waliyoichora Robin Nicholas na Patricia Saunders wa kampuni ya Monotype mwaka 1982, ina upana uleule wa Helvetica herufi kwa herufi. Anayepita haraka haoni tofauti yoyote. Sasa sogea karibu. Mguu wa R ya Helvetica unashuka kwa kupinda hadi kusimama karibu wima. Wa Arial umenyooka na kutoka nje kimshazari. G ya Helvetica ina kisigino chini upande wa kulia, ya Arial haina. Kichwa cha t kwenye Helvetica kimekatwa mlalo, kama ubao uliopitiwa na msumeno. Kwenye Arial kimekatwa mshazari. Na ile 1: kibendera chake cha juu kwenye Helvetica kimepinda, kwenye Arial kimenyooka.

Ukishaziona tofauti hizi nne, hazikutoki tena machoni. Nimeanza nazo kwa makusudi. Swali ninaloulizwa mara nyingi ni programu gani inatambua fonti vizuri kuliko nyingine, na linalofuata ni programu gani inafaa kuchorea fonti yako mwenyewe. Yote mawili nitayajibu kwa kulinganisha vifaa ninavyovifahamu. Ila nataka msomaji aishike ile R mkononi tangu sasa, kwa sababu kila kifaa nitakachokitaja kinakuja kupimwa kwayo: je, kinakusaidia kuiona, au kinakuziba macho?

Faili likiwepo, usipige picha

Kosa la kwanza ninaloliona ni watu kupiga picha ya skrini ya kitu ambacho jina la fonti yake limo ndani ya faili lenyewe. Kama maandishi unayoyaulizia yako kwenye ukurasa wa wavuti au kwenye PDF, hakuna haja ya kubahatisha. Faili halikisii, linataja.

Kwenye PDF, fungua sifa za waraka katika kisomaji chako na uende kwenye sehemu ya fonti. Utaona orodha ya majina, na mara nyingi jina litakuwa na herufi kubwa sita zisizo na maana zikifuatwa na alama ya kujumlisha, mfano BXKQTR+Garamond. Zile sita zisikutishe. Maana yake ni kwamba waraka umebeba herufi zilizotumika tu, si fonti nzima. Ndiyo sababu pia huwezi kuichomoa fonti hiyo na kuitumia kwa kazi nyingine: ukihitaji Q ambayo mwandishi hakuiandika, haimo. Orodha ikiwa tupu ilhali maandishi unayaona, ama waraka ni picha iliyopitishwa kwenye skana, ama mbunifu aligeuza herufi kuwa michoro kabla ya kuihifadhi. Hapo faili limenyamaza, nawe unarudi kwenye njia nyingine.

Kwenye wavuti kuna mtego unaowanasa hata wanaojua kusoma msimbo. Msimbo wa ukurasa unaweza kusema "Helvetica, Arial, sans-serif", nao wakatoka wakiamini wameona Helvetica. Ile ni orodha ya maombi tu. Kivinjari hujaribu ya kwanza, kikiikosa kinashuka kwa ya pili, na kompyuta nyingi za Windows hazina Helvetica kabisa. Unachopaswa kusoma ni fonti iliyochorwa kweli kwenye skrini. Firefox ina kichupo cha fonti ndani ya zana za wasanidi. Chrome huitaja chini kabisa ya kichupo kinachoonyesha mitindo iliyokokotolewa. Kati ya njia zote za kutambua, hii ndiyo pekee ambayo jibu lake nalichukua bila kulihakiki kwa jicho, au tuseme nalihakiki mara moja tu.

Picha: msaidizi mzuri, hakimu mbaya

Unapokuwa na picha peke yake, bango, jalada au nembo, ndipo programu za kutambua kwa picha zinapokuja. WhatTheFont ya MyFonts ndiyo maarufu zaidi. Matcherator ya Font Squirrel na WhatFontIs zinafanya kazi hiyohiyo, na Photoshop nayo ina zana yake ya kulinganisha fonti. Watu huzilinganisha kwa usahihi. Mimi naona kitu cha kwanza kuulizia ni ghala: kila moja inatafuta wapi?

MyFonts ni duka, na limo mikononi mwa Monotype. WhatTheFont inatafuta ndani ya bidhaa zilizomo dukani humo, hivyo ukiipa picha ya fonti ya bure ambayo haiuzwi pale, haitasema "sijui". Itakuletea ndugu zake wanaouzwa. Font Squirrel imejengwa kuzunguka fonti za bure zinazoruhusu matumizi ya biashara. WhatFontIs inachanganya za kulipia na za bure, na inakuruhusu kuzichuja. Photoshop inakupendekezea zilizoko kwenye kompyuta yako na zile za maktaba ya Adobe, basi. Kwa hiyo kama lengo lako ni kupata jina halisi la fonti iliyotumiwa na kampuni kubwa kwenye nembo yake, anza na WhatTheFont. Kama unachotaka ni kitu kinachofanana ambacho unaweza kukitumia leo bila kulipa, anza na Matcherator au WhatFontIs. Haya ni mahitaji mawili tofauti, na ukiyachanganya unajikuta unailaumu programu bure.

Jibu la programu hizi linategemea sana ulichoipa. Nyoosha picha hadi mstari ulale sawa. Iwe nyeusi juu ya nyeupe. Kata sehemu yenye herufi chache tu, na herufi zenyewe zichague. Watu hukata neno lenye l, i na o, wakashangaa kuletewa fonti hamsini. Duara ni duara na mjiti ni mjiti. Fonti nyingi zisizo na serifu, yaani zisizo na vile vikucha vinavyomalizia miguu ya herufi, zinafanana hapo. Tafuta a, g, k, y, R, Q, G. Herufi hizi zina maamuzi mengi ndani yake, na maamuzi ndiyo yanayomtambulisha mchoraji.

Kisha, programu ikikuletea jibu la kwanza, usiondoke nalo. Niliwahi kupewa picha ya kibao chenye herufi zilizobanduka, nikatakiwa kuzirudishia ziwe sawa na zilizobaki. Programu ilinitajia Helvetica bila kusita, ikaniwekea mfano wa kando unaofanana kwa kila hali. Nilikata herufi, nikazipeleka. Zilipowekwa ukutani kando ya zile za zamani, kila t ilikuwa imekatwa kichwa mlalo katikati ya t zilizokatwa mshazari. Ilikuwa Arial. Kazi yote ilirudiwa, na tangu siku hiyo jibu la programu nalihesabu kuwa ushahidi wa shahidi mmoja.

Maswali, kwa mtu asiye na picha

Identifont inafuata njia ya zamani zaidi: inakuuliza. Je, herufi zina serifu? Mkia wa Q unakata duara au unagusa tu? Namba 4 imefunga juu au imeachwa wazi? Unajibu swali baada ya swali na orodha inapungua. Ni ya polepole, na ukikosea jibu moja unapotea njia. Lakini ina faida mbili ambazo picha haina. Unaweza kuitumia ukiwa na kumbukumbu tu ya maandishi uliyoyaona, na inakufundisha mahali pa kutazama. Kwa mwanafunzi ningeiweka mbele ya WhatTheFont bila wasiwasi. Kwa mtu mwenye kazi ya haraka mezani, nyuma.

Jicho lenyewe, na kwa nini inafaa kulinoa

Kuna kazi ambazo hakuna programu itakayozimaliza, na mfano ulio maarufu ni wa Pakistani mwaka 2017. Katika uchunguzi wa mali za familia ya waziri mkuu wa wakati huo, ziliwasilishwa nyaraka zenye tarehe ya Februari 2006. Zilikuwa zimeandikwa kwa Calibri. Fonti hiyo, kazi ya Lucas de Groot, ilifika kwa watu wote pamoja na Windows Vista na Office 2007, ambazo zilianza kuuzwa kwa umma Januari 2007. Matoleo ya majaribio yalikuwepo kabla ya hapo, na ubishi ukawa mkubwa, lakini swali zima lilizaliwa na mtu aliyeitazama karatasi akaijua Calibri kwa zile ncha zake zilizoviringwa. Kutambua jina ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kujua fonti imezaliwa lini na imepitia wapi.

Kwa fonti za vitabu, zile zenye serifu, jicho linahitaji kujua mambo mawili tu ili kuanza. La kwanza ni tofauti kati ya mistari minene na myembamba. La pili ni mahali ambapo o ni nyembamba kuliko kwingine. Kwenye herufi za mtindo wa Garamond, wa karne ya 16, o ni nyembamba juu kidogo kushoto na chini kidogo kulia, kana kwamba imeinama, kwa sababu inaiga kalamu yenye ncha pana iliyoshikwa kwa mshazari. Kwenye Bodoni, ya mwishoni mwa karne ya 18, o inasimama wima kabisa, pande zake nene sana na juu na chini nyembamba kama uzi. Baskerville, ya miaka ya 1750, iko katikati. Ukiweza kuiweka fonti kwenye mstari huo wa nyakati kwa kutazama o moja, umeondoa mamia ya majina kabla hujafungua programu yoyote.

Hapo ndipo unapogundua kwamba jina lenyewe linaweza kukudanganya. Fonti zinazoitwa Garamond ni nyingi, na si zote zinazotokana na Claude Garamond aliyefariki mwaka 1561. Garamond ya Monotype, inayokuja na programu nyingi za ofisi, inafuata herufi za Jean Jannon, Mfaransa wa karne ya 17 ambaye kazi yake ilihesabiwa kimakosa kuwa ya Garamond. Kosa hilo lilifichuliwa mwaka 1926 na Beatrice Warde, akiandika kwa jina la kiume la Paul Beaujon. Adobe Garamond ya Robert Slimbach, ya mwaka 1989, inamfuata Garamond mwenyewe, na EB Garamond ya Georg Duffner pia, nayo ni huru kwa kila mtu. Kwa hiyo mteja akisema "nataka Garamond", muulize ipi, tena umwonyeshe a na serifu za juu za m na n. Kwenye ile ya Jannon zina mteremko mkali unaoonekana hata ukiwa mbali kidogo na ukurasa.

Kuchora: kwanza O na H

Kabla ya kulinganisha programu za kuchorea, fungua fonti yoyote nzuri, weka H na O pamoja, ukuze mpaka zijae skrini. O imevuka mipaka. Juu imekipita kichwa cha H, chini imezama chini ya mstari wa msingi, ule ambao herufi husimama juu yake. Kama H ina kimo cha vipimo 700, O inaweza kuanzia -10 hadi 710. Ukizikata zilingane kwa rula, O itaonekana imesinyaa, kwa sababu duara hugusa mstari kwa nukta moja tu wakati H inaukanyaga kwa miguu yote miwili. Tazama tena H: mwamba wake wa katikati ni mwembamba kuliko nguzo zake, na umewekwa juu kidogo ya katikati. Kisha chukua S, uipindue kichwa chini. Ghafla inaonekana ina kichwa kikubwa mno, ilhali ikiwa wima ilionekana ina pande sawa. Tumbo la juu lilikuwa dogo muda wote.

Hakuna programu itakayokufanyia marekebisho haya. Yanafanywa kwa kuchora, kuliweka neno mbali, kulitazama, kurudi, kusogeza nukta zinazoshika umbo la herufi vipimo viwili, kutazama tena. Ndiyo maana kigezo changu cha kwanza cha kuchagua programu ni kasi ya kuniletea herufi ndani ya neno. Wingi wa zana zake nauangalia baadaye. Herufi ikiwa peke yake kwenye dirisha hudanganya.

FontForge na Glyphs, uso kwa uso

Hizi mbili ndizo watu wengi hulazimika kuchagua kati yake, kwa hiyo nitakaa hapa.

FontForge ilianzishwa na George Williams mwaka 2000 kwa jina la PfaEdit, ikabadilishiwa jina mwaka 2004. Ni ya bure, msimbo wake uko wazi, na inaendeshwa kwenye Windows, Mac na Linux. Inafungua karibu kila aina ya faili la fonti iliyowahi kutumika. Inaendeshwa pia kwa Python, lugha ya kuandikia programu, hata bila kufungua dirisha, jambo ambalo ni baraka kwa mwenye fonti ishirini za kusahihisha kwa mkupuo. Ina zana ya kukagua makosa, nayo ni kali: itakuonyesha nukta zilizolaliana, mizingo (mistari inayoizunguka herufi) inayojikata, na herufi isiyo na nukta kwenye kilele cha mkunjo wake. Kwa kulirekebisha faili lililoharibika, au kuongeza ɓ na ŋ kwenye fonti huru isiyokuwa nazo, mpaka leo ndiyo ninayoifungua kwanza.

Udhaifu wake ni kwenye kigezo changu. Kawaida unachora kwenye dirisha moja na neno unalitazama kwenye dirisha jingine la nafasi, na sura yake yote ina uzee unaochosha. Mtu anayejifunza kuchora huishia kupambana na menyu wakati alipaswa kupambana na mkunjo wa a. Na ukitaka fonti yenye uzito, yaani unene wa mistari, unaobadilika, ile teknolojia waliyoitangaza Adobe, Apple, Google na Microsoft kwa pamoja mwaka 2016, FontForge si mahali pa kuanzia.

Glyphs, ya Georg Seifert, ilitoka mwaka 2011, na inaendeshwa kwenye Mac tu. Sentensi hiyo moja inamaliza mjadala kwa watu wengi, na ni haki yao. Kwa wenye Mac, inashinda kwa kigezo nilichokitaja: unaandika neno zima, unabofya herufi iliyo katikati, unaichora hapohapo na jirani zake wakiwa pembeni. Ukisogeza nukta, neno zima linabadilika mbele yako. Alama za juu ya herufi zinajipanga zenyewe pia. Unaweka kishikio kimoja juu ya a na kingine chini ya alama, na kila herufi yenye alama inajengwa bila kuguswa. Ukija kunenepesha a, zote zinafuata. Ukichora toleo jembamba na toleo nene, Glyphs inakutolea yote ya katikati, mradi kila herufi iwe na idadi sawa ya nukta na kwa mpangilio uleule katika matoleo yote mawili. Nukta moja ikizidi, a yako ya katikati itajinyonga kama nguo iliyokamuliwa, na programu itakuonyesha ni ipi.

Ipo pia Glyphs Mini, ndogo na nafuu, lakini haina hayo matoleo mengi. Inamfaa anayetaka fonti moja yenye uzito mmoja. Kwa mwenye ndoto ya familia ya fonti, atailipia Mini, kisha atalipia tena ile kubwa.

Uamuzi wangu kati ya mbili hizi: kama tayari una Mac na unakusudia kuifanya kazi hii iwe riziki yako, chukua Glyphs na usijitese. Kama huna Mac, usinunue Mac kwa ajili ya Glyphs kabla hujamaliza fonti yako ya kwanza kwa kifaa cha bure. Wengi hununua mashine, wakachora herufi kumi na mbili, wakaacha.

Nyingine, kwa kifupi

FontLab inaendeshwa kwenye Windows na Mac, ina nguvu sawa na Glyphs na zana nyingi kuizidi, na nayo hukuruhusu kuchora ndani ya neno. Ukiwa kwenye Windows na una uwezo wa kulipa, ndiyo chaguo lako. Wingi wa zana ndio mzigo wake. Wiki ya kwanza unaweza kujihisi umeingia chumba cha rubani. (Kampuni hiyohiyo ilinunua Fontographer mwaka 2005, programu ya mwaka 1986 iliyowafungulia watu wa kawaida mlango wa kuchora fonti kwenye kompyuta ya nyumbani.) RoboFont ni ya Mac, nayo ni ya watu wanaoandika msimbo, kama Python inakukera, ipite.

Fontra ndiyo inayonipa matumaini zaidi kwa sasa. Inaongozwa na Just van Rossum, msimbo uko wazi, inaendeshwa ndani ya kivinjari au kama programu ndogo ya kompyuta, na imejengwa tangu msingi kwa ajili ya fonti zinazobadilika uzito. Unachora ndani ya neno kama kwenye Glyphs, bila kulipa na bila Mac. Bado ni changa, na kuna mambo utalazimika kuyakamilishia kwingine, hasa ukaguzi wa mwisho, ambapo FontForge inarudi kukusaidia. Kwa anayeanza leo bila fedha, mchanganyiko wa Fontra kwa kuchora na FontForge kwa kukagua ndio ningeupendekeza.

Na Calligraphr? Unachapisha karatasi yenye visanduku, unaijaza kwa kalamu, unaipiga picha, unarudishiwa fonti ya mwandiko wako. Kwa kadi, zawadi au maelezo ya kitabu cha mtoto, inatosha na inafurahisha. Isikudanganye tu kwamba umejifunza kuchora fonti, maana nafasi kati ya herufi hukuzipanga wewe.

Na nafasi ndiyo nusu ya fonti. Utaratibu uliozoeleka ni kuanza na n na o: andika nnonnoonon, rekebisha pande za kila moja hadi mstari uwe na rangi moja ya kijivu, kisha herufi nyingine zifuate hizo mbili. Kwa H na O ni vivyo hivyo. Baada ya hapo, tupa maneno ya majaribio yaliyobuniwa kwa Kiingereza, ujaribu kwa lugha utakayoiandika. Kiswahili kimejaa a, na k na w zinakutana na a kila mahali. Andika "wakawakataa" kwa fonti yako mpya na utaona papo hapo kama w inaacha pengo. Kisha andika "ng'ombe". Ile alama baada ya g ndiyo inayozifichua fonti nyingi: ama inagongana na sikio la g, ama inaelea mbali hadi neno linasomeka kama mawili. Hakuna programu kati ya nilizozitaja itakayokuonya juu ya hilo. Jozi hiyo lazima uirekebishe kwa mkono.

Kabla hujaichora upya fonti ya mtu

Kutambua na kuchora hukutana mahali ambapo mtu ameitambua fonti, ameona bei, akaamua kuichora upya. Sura ya herufi na faili la fonti ni vitu viwili mbele ya sheria. Nchini Marekani sura yenyewe hailindwi na hakimiliki, jambo lililothibitishwa na mahakama katika kesi ya Eltra dhidi ya Ringer mwaka 1978, lakini faili, kwa kuwa ni programu, linalindwa. Katika Umoja wa Ulaya muundo uliosajiliwa unaweza kulindwa hadi miaka 25. Na kuna upande ambao sheria haiugusi: Hermann Zapf, mchoraji wa Palatino, alijiuzulu mwaka 1993 kutoka ATypI, jumuiya ya kimataifa ya watu wa fonti, akipinga mwenendo wa wanachama kuiga kazi za wenzao. Mimi niko upande wa Zapf.

Ukitaka kujengea juu ya kazi iliyopo, chukua fonti yenye leseni ya SIL Open Font License. Inakuruhusu kuibadilisha na kuigawa, hata kuitumia kibiashara, ila usiiuze peke yake kama bidhaa, na kama mwenyewe amelihifadhi jina, toleo lako lipe jina jingine. Kwa kujifunza hakuna shule nzuri kuliko kuifungua EB Garamond ndani ya FontForge au Fontra na kuhesabu nukta alizotumia Duffner kwenye a.

Jambo la mwisho la kuangalia unapochagua programu ni namna ya kutoka. FontForge huhifadhi kazi kwa muundo wake wenyewe, Glyphs kwa wake, FontLab kwa wake. Lakini zote, pamoja na Fontra na RoboFont, zinaelewana kwa UFO, muundo ambao ni folda tu yenye faili dogo la maandishi kwa kila herufi. Toa nakala ya UFO kila unapofikia hatua, na utaweza kuhama. Ukihama, jambo la kwanza kukagua ni mwelekeo wa mizingo. Miundo ya fonti ni miwili mikuu: fonti za PostScript zinauzungusha mzingo wa nje kinyume cha mshale wa saa, za TrueType kwa kufuata mshale, na mzingo wa ndani huenda upande wa pili. Ikivurugika, utafungua fonti yako na kukuta kila o ni doa jeusi lisilo na tumbo. Kwenye FontForge, chagua herufi zote, kisha menyu ya Element, kisha Correct Direction, na matumbo yatarudi.